Dole Gumba la Mwenye Shamba

Vigingi vilikuwa saba. Mbodze alivihesabu mara mbili, amesimama kwenye tuta la mpunga wake na jembe begani, umande ukimlowesha miguu. Vilikuwa vya mti mweupe uliorandwa, kila kimoja kimefungwa kitambaa chekundu kichwani. Vilianzia kwenye mgomba wa mwisho vikateremka hadi ufuoni, pale wanawake wa Idsowe wanapofulia. Jana jioni havikuwapo.

Mtu wa mto huu akiona kigingi chenye kitambaa hana haja ya kuuliza sana. Miaka minne nyuma, mwaka wa hamsini na mbili, walipita watu wa vipimo huko juu ya mto. Walichomeka vigingi vyao, wakaomba maji ya kunywa kwa adabu, wakashukuru, wakaenda zao. Hata mavuno hayajaingia ghalani, wenye mashamba wakaambiwa hapa si penu.

Mbodze hakupiga kelele. Aliving'oa kimoja kimoja, akavifunga kwa ukambaa kama kuni, akarudi navyo nyumbani. Vilikuwa vikavu vile, viliwaka vizuri.

"Mama, unapikia nini?" Kache aliuliza. Binti huyu wa miaka kumi na tisa alikuwa anaingia kutoka Garsen na chumvi mkononi. "Hivyo si vigingi vya watu wa senema?"

"Watu gani?"

Kache akaketi, akaeleza. Duka la Elmi lilikuwa limejaa watu asubuhi ile. Kampuni ya Sabuni ya Kengele, ile ya mche wenye alama ya kengele, inataka kupiga senema ya kujitangaza, itembezwe kwa lori kutoka Mombasa hadi bara. Mzungu mwenye mashine anakuja Jumatatu. Kabla yake ametumwa mtu wa kutayarisha, jina lake Swaleh, kijana wa Mombasa, amepanga chumba nyuma ya duka. Ameshachagua mahali, nao ni ufuo wa shamba lao. Ameshachagua na wanawake wanne wa kufua, na Kache ni mmoja.

"Amekuchagua vipi?"

"Ametutazama meno."

"Meno!"

"Ati mashine inapenda meno. Elmi akamwambia, 'Bwana Swaleh, ukimaliza meno uwapapase na nundu, sisi hapa ndivyo tunavyonunua ng'ombe.' Watu wakacheka hadi wakakaa chini."

Mbodze hakucheka. Alikoroga uji wake akitazama kitambaa chekundu kikigeuka majivu.

Alasiri Swaleh akafika mwenyewe. Alivaa suruali ya kaki iliyopigwa pasi, mwavuli kwapani, daftari mkononi na utepe wa kupimia shingoni kama fundi cherehani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umepoteza kitu?"

"Vigingi vyangu, mamangu. Saba."

"Vya kazi gani?"

Swaleh alieleza kwa upole. Kile cha kwanza ni pa kusimama mashine. Kile cha pili ni pa mzungu. Vingine ni mpaka wa wanawake, wasije wakatoka nje ya picha. Utepe nao ni wa kupima toka mashine hadi uso wa mtu, picha isiwe na ukungu. Mbodze alimsikiliza hadi mwisho, macho yake kwenye ule utepe. Watu wa vipimo nao walikuwa na utepe.

"Na hizo nguo mtazifua kwa maji gani?"

"Si haya hapa?" Swaleh alinyoosha mwavuli mtoni.

Tana mwezi ule ulikuwa umejaa, maji ya bara yakishuka mazito kama uji wa mtama. Mwanamke yeyote wa pale anajua kwamba hando jeupe la kuvaa kiunoni ukilifua humo linatoka rangi ya chai ya maziwa. Maji ya nguo nyeupe huchotwa leo, yakalazwa mtungini hadi tope litue, yakatumika kufulia kesho.

"Wewe mtu wa sabuni," Mbodze alisema polepole, "hujui maji?"

Swaleh alikohoa. "Nguo nyeupe ninayo sandukuni, mama, mpya kabisa. Binti yako atazamisha ile chafu, mashine itazimwa kidogo, halafu atainua ile mpya."

"Yaani mtadanganya watu."

"Si kudanganya. Senema ndivyo ilivyo."

Kache, nyuma ya mlango, alibana kicheko. Mama yake aliona jambo jingine. Mtu anayepanga uongo siku tano kabla, kwa utepe na daftari, akikuambia vigingi ni vya mashine, utamwamini kwa lipi?

"Vigingi vyako nimepikia uji," akasema. "Ukitaka majivu, yale pale."

Swaleh alicheka, kicheko cha mtu aliyeumia. Akafungua mkoba, akatoa karatasi iliyopigwa chapa. "Basi afadhali tuandikiane. Mzungu anasafiri siku mbili kuja hapa, hawezi kufika akute ugomvi. Mwenye shamba aweke dole hapa, tusing'oleane tena."

Mbodze aliificha mikono yote miwili ndani ya leso. Marehemu Chengo, mumewe, aliwahi kuweka dole kwenye karatasi ya kazi ya mkonge akidhani ni ya miezi sita. Alirudi baada ya miaka miwili, hata mbwa wake hakumtambua.

"Mimi siweki dole popote."

"Haya. Basi ataweka Jillo." Swaleh hakulisema kwa ubaya. "Amenipitia dukani, ananiambia hapa ni pa baba yake."

Jembe lingemwangukia mguuni Mbodze asingeshtuka zaidi. Jillo alikuwa mtoto wa Mzee Kuno, Mpokomo, ambaye miaka ishirini nyuma aliwapa yeye na Chengo, Wagiriama, pori la kando ya mto, walipofika kutoka kusini hawana kitu. Alitoa kwa mdomo, kama ilivyokuwa desturi. Kila mavuno mgeni humpelekea mwenyeji kapu la kwanza la mpunga, na maadamu kapu linakwenda, wewe ni mgeni. Mwaka wa kumi na moja, Kuno alilirudisha kapu na mpunga wake ndani, na juu ya mpunga ameweka miche mitatu ya migomba. Mpunga hulimwa ukavunwa ukaisha, lakini mgomba hukaa miaka na miaka, na hakuna anayepanda mgomba kwenye shamba la kuazima. Tangu siku ile Chengo alilala usingizi wa mwenye nyumba. Lakini Chengo alikuwa amekufa, na Kuno pia.

"Nipe hiyo karatasi nikae nayo hadi kesho," alisema Mbodze.

"Ni ya kampuni, mama."

"Mkobani mna nyingine kumi. Nimeziona."

Swaleh akampa.

Asubuhi Mbodze alikwenda kwa Elmi. Hakumwambia aliloambiwa na Swaleh, alimwekea karatasi tu juu ya meza ya duka, kando ya mizani. Elmi alivaa miwani, akaisoma huku midomo ikicheza. "Inasema, mimi mwenye shamba hili, naipa kampuni ruhusa ya siku tatu, na baadaye sina madai. Hapa jina, hapa mahali, hapa dole. Basi."

Mbodze akaikunja. Lakini Swaleh alilala kwa Elmi na kula kwa Elmi, na mwenyeji huwa mwepesi kumsemea mgeni wake. Kwa hiyo akashika njia hadi shule ya misheni, akangoja barazani hadi watoto wakatoka kucheza, akaingia kwa mwalimu Enos. Kwake pia hakusema kwamba imekwisha kusomwa.

Enos alisoma yale yale. Siku tatu. Hakuna madai. Mimi mwenye shamba hili.

"Mwalimu, hilo neno 'mwenye' limo kweli, au umeniongezea kwa heshima?"

"Limo, mama. Lete kidole." Akakiweka juu ya neno lenyewe. "Hili hapa."

"Na mtu akiweka dole lake hapo, halafu kesho akaenda nayo kwa Diisii, mkuu wa wilaya?"

Enos alivua kofia akajikuna kichwa. "Diisii atakuuliza wewe, una nini cha kumwonyesha."

Mbodze aliketi pale barazani kitambo, watoto wakipiga kelele uwanjani. Tangu jana alikuwa analiogopa dole lake mwenyewe, kumbe la kuogopa lilikuwa la Jillo. Na yeye mwenyewe ndiye aliyeliita, kwa uji ule wa vigingi. Asingeving'oa, Swaleh asingetoa karatasi.

Hakupita nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Madina, mjane wa Kuno, mama yake Jillo. Alimkuta anapepeta mchele uani.

"Karibu, Mbodze. Najua kilichokuleta. Mwanangu tangu jana hakai kitako."

"Dada Madina, unalikumbuka lile kapu?"

Ungo ulisimama. "Unataka nimseme mwanangu mbele ya watu."

"Nataka useme ulichokiona. Kama hukuona, niambie, nirudi zangu."

Madina alichagua chuya, moja, mbili, tatu, akazitupia kuku. Hatimaye yule mama akasema, "Miche ile niliing'oa mimi. Kuno siku hiyo mgongo ulimkamata." Akajifunga leso, wakatoka.

Waliwakuta ufuoni. Swaleh ameshika karatasi nyingine juu ya daftari, na Jillo ameshachovya wino, dole gumba lake la buluu liko juu, linangoja mahali pa kutua.

"Jillo," aliita Madina toka mbali, "lirudishe mfukoni hilo dole!"

"Mama, hii ni ardhi ya baba."

"Ilikuwa. Baba yako alirudisha kapu, na migomba ile unayoiona, miche yake niliing'oa kwa mkono huu."

"Kwa hiyo unampa Mgiriama!"

"Mimi nimpe nini? Alishapewa na mwenyewe. Wewe ulikuwa unachunga mbuzi wa watu, hujui kufunga hata kikoi."

Swaleh alitazama huku na huku. "Jamani, mimi natafuta ufuo na jua la saa mbili tu. Sitaki kesi."

Jillo akalifuta dole kwenye kikoi, akaondoka bila kuaga. Madina hakumfuata wala hakumgeukia Mbodze.

"Haya," alisema Mbodze. "Andika. Mbodze binti Iha, Idsowe. Andika mara mbili, moja ibaki kwangu."

Swaleh aliweka kaboni katikati ya karatasi mbili, akaandika akitamka herufi moja moja.

"Na hapa palipobaki peupe, chini ya jina?"

"Hapana kitu, mama."

"Ndiyo sababu nauliza. Papige mstari."

Akapiga. Mbodze akaonyesha pengo jingine, akapiga tena, na jingine, hadi ukurasa haukuwa na mahali pa kuongezwa hata nukta. Madina aliweka dole la ushahidi pembeni, akafunga leso vizuri, akaelekea nyumbani kwa mwanawe.

Kisha Mbodze akachovya, akakandamiza, mara moja kwenye kila karatasi. Aliipuliza yake hadi ikakauka.

"Sasa umeniamini?" Swaleh aliuliza, akikusanya vitu vyake.

"Nimeiamini ile mistari. Jumatatu nitaketi hapa hapa, niione hiyo mashine yenyewe."