Samaki wa Uzi wa Manjano

Siku Nkambo Pierrette alipompa Boyd Sampa ile diski, aliamini anampa kitu kitupu.

Boyd alikuwa mvuvi wa chisense pale Kashikishi, kando ya ziwa Mweru, wale samaki wadogo kama sindano za kushonea, wanaovutwa kwa mwanga wa taa na kuanikwa mchangani. Kila aliporudi na mzigo mzuri, alimwekea bakuli moja pembeni yule mama mzee wa Kikongo, aliyeitwa na wote Nkambo, yaani bibi, na hakuwahi kulitaja. Nkambo aliliona. Yeye ni mtu wa kuona mambo ya namna hiyo. Basi aliposikia kwamba wavuvi wanafunga diski kuukuu nyuma ya taa zao ili mwanga uruke mbali juu ya maji, alikumbuka kwamba anayo moja sandukuni, akampelekea.

Aliyemwambia ni tupu ni Obvious, kijana wa sokoni anayewawekea watu nyimbo kwenye simu. Alikuwa ameijaribu kwa siku tofauti, bila kuomba malipo, hata akaitia mate na kuifuta na shati lake.

"Bamayo, nimegonga mlango, hakuna mwenye nyumba," alisema. "Humu hamna kitu. Lete niwekee kwaya."

"Haiko ya kuandikia juu," Nkambo alijibu, na kurudi nayo nyumbani.

Diski hiyo alipewa na Frère Hugues, mkuu wa shule ya misheni kule Pweto, upande wa pili wa ziwa, kabla ya vita. Frère alikuwa amepiga picha kwaya ya wasichana, binti yake Nkambo akiwa mmoja wao, akapeleka filamu Ulaya, nazo zikarudi zikiwa ndani ya diski. Akampa Nkambo, kwa kuwa ndiye aliyeshona vitambaa vya kichwa vya kwaya nzima. "Picha za karatasi zitaliwa na mchwa, Maman Pierrette," alisema. "Hii haitaliwa."

Vita vilipofika Pweto, Nkambo alipanda mtumbwi na binti yake Chouchou na nguo walizovaa, na diski ikiwa imefungwa tumboni kwa kitenge. Picha nyingine zote zilibaki nyumbani, na nyumba iliungua. Miaka michache baadaye Chouchou alifariki upande huu wa Zambia, akiacha mtoto ananyonya. Mtoto huyo ni Débora. Alikua, akamaliza shule, akafika umri wa kuolewa, na hajawahi kuona sura ya mama yake hata mara moja.

Alipokuwa mdogo aliuliza sana. "Nkambo, mama alikuwa je?"

"Alikuwa mwembamba. Alipocheka alijifunika mdomo."

"Nafanana naye?"

"Mikono, ndiyo."

Halafu akaacha kuuliza, na hilo ndilo lililomuuma Nkambo zaidi.

Sasa Débora alikuwa anasoma kompyuta kwenye kituo kimoja cha ufundi pale Nchelenge. Kituo kilikuwa kimepewa mashine nzito za zamani, za aina ya Unix, zilizotoka chuo fulani cha mbali. Wanafunzi wengi walizicheka, kwa sababu hazitaki kubonyezwabonyezwa, zinataka uandike amri, herufi kwa herufi. Débora alizipenda. Alisema zinafanya unachoziambia, bila kunung'unika kama watu wazima.

Mchana mmoja alifika nyumbani anahema, mkoba begani.

"Nkambo! Ile diski ya Frère Hugues iko wapi?"

"Kwa nini?"

"Mwalimu Matildah ametufundisha leo. Zamani kulikuwa na diski za picha tu, bya pekee. Faili zake kompyuta za siku hizi hazizijui. Mutu anaweka, anaona kama hakuna kitu. Lakini picha ziko! Iko wapi?"

Nkambo Pierrette aliketi juu ya kigoda.

"Iko kwenye ziwa," alisema. "Nilimupatia Boyd. Anavulia samaki."

Débora hakupiga kelele. Aliweka mkoba chini, akachukua mkono wa bibi yake, akasema, "Bon. Twende Kashikishi." Nkambo alilihifadhi moyoni neno lile, jinsi lilivyosemwa bila lawama.

Walimkuta Boyd anatengeneza wavu, mitumbwi imevutwa juu na wanawake wakigeuza chisense juani. Njiani Nkambo alikuwa amewauliza wavuvi wengine, na kila mmoja alimwonyesha diski yake: imetobolewa kwa msumari, imepigiliwa kwenye ubao. Alipofika kwa Boyd hakuweza hata kusalimia vizuri.

"Mwapoleni, Bamayo! Umekuja kudai samaki?"

"Boyd, mutoto yangu. Ile diski. Uliitoboa?"

Boyd alishangaa. "Nitoboe zawadi? Ilikuwa na maandiko ya mkono, nikasema labda ni jina la mutu wao. Niliifunga na mpira wa baiskeli, taratibu." Akaingia kwenye mtumbwi, akaifungua nyuma ya taa, akaipangusa kwenye suruali.

"Acha, usipanguse!" Débora alipiga yowe, na wanawake wa chisense wakacheka.

"Dada, hii imeona mvua, imeona dagaa, imeona usiku wote wa Mweru. Suruali yangu ndiyo itaiua?"

Upande unaong'aa ulikuwa na moshi, magamba ya samaki na michirizi kama ya kucha za paka. Lakini ilikuwa nzima. Kesho yake Nkambo aliiosha mwenyewe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, jinsi Débora alivyomwelekeza, akitoka katikati kwenda pembeni, kama mtu anayemnawisha mtoto uso. Kisha wakaenda kituoni pamoja.

Mwalimu Matildah, mama wa Kizambia mwenye sauti ya chini, alimletea Nkambo kiti chenye mto, akaondoka. Hakusimama nyuma ya bega la mwanafunzi wake. Nkambo aliliona hilo pia.

Débora alieleza kila alichofanya, ingawa nusu ya maneno yalipita juu ya kichwa cha bibi yake kama ndege. Kwanza hakufungua picha. Aliiamuru mashine inakili diski yote kipande kwa kipande, na ikikutana na kovu isigombane nalo, iruke, iendelee, halafu irudi baadaye kujaribu tena. Mashine ilinguruma, ikanyamaza, ikanguruma.

"Inafanya nini?"

"Inarudia pale iliposhindwa."

"Inajua kuvumilia," Nkambo alisema, na akaipenda.

Jua lilikuwa limehama dirisha moja hadi lingine kabla mashine haijamaliza. Débora akafungua folda. Zilikuwemo. Faili moja moja, zote na majina ya namba. Alieleza kwamba ndani ya kila faili picha ileile imewekwa kwa vipimo mbalimbali, kuanzia ndogo kama stempu hadi kubwa ya kuchapisha, na kwamba kuna programu ya zamani inayojua kuzitoa na kuzigeuza ziwe picha za kawaida. Aliandika amri. Picha ikaja.

Pweto. Nkambo aliujua ule ukuta wa misheni. Mbele yake walisimama wasichana kwa safu, magauni ya buluu, vitambaa vyeupe kichwani, na nyuma yao ziwa likiwaka kwa jua la saa sita.

Débora alimgeukia bibi yake. "Mama ni nani?"

Nkambo alisogea hadi pua ikakaribia kioo. Macho yake yana ukungu siku hizi. Na picha yenyewe ilikuwa kama imemwagiwa unga: maji meupe, vitambaa vyeupe, mapaji ya nyuso yamepotea ndani ya weupe. Katikati ya safu ya mbele walisimama wasichana wawili wameshikana mikono, wembamba wote wawili, wamekunja macho kwa sababu ya jua. Mmoja ni Chouchou. Mwingine ni Cadette, binti wa dada yake Nkambo. Watu wa Pweto waliwachanganya kila siku, wakawaita pacha.

"Ni mumoja wa hawa wawili," Nkambo alisema polepole.

"Yupi?"

Ilikuwa rahisi kunyoosha kidole. Mtoto angefurahi, na nani angejua? Nkambo aliukunja mkono wake mapajani.

"Sijue. Na siwezi kukudanganya juu ya mama yako."

Débora alifuta shavu lake haraka kwa kiganja. Nkambo akaendelea kuitazama picha, na kitu kikaanza kumkera, kama mshono uliokwenda upande.

"Samaki yangu iko wapi?"

"Samaki gani, Nkambo?"

"Vitambaa byote bilikuwa sawa. Wasichana walibifua pamoja ziwani, kisha wanagombana, hiki changu, hiki changu. Basi njo nikashona alama kwa kila mumoja, hapa juu ya paji. Cadette nilimushonea nyota. Mama yako samaki, uzi wa manjano. Hapa hakuna kitu. Mashine imefuta."

Débora alikuza picha. Vitambaa vyote vilikuwa vyeupe tupu, kama karatasi. Mwanafunzi mwingine angesema bibi amezeeka, miaka imepita, labda ni kitambaa cha siku nyingine. Débora aligeuka akamtazama.

"Una hakika?"

"Vidole bilitoka damu."

"Basi ipo," Débora alisema. "Ni mimi sijaitoa vizuri."

Alifungua maelezo ya ile programu, marefu, ya Kiingereza, akasoma kidole kikitembea juu ya kioo. Nkambo alishona pindo la kitenge chake. Baadaye akasikia kicheko kifupi.

"Nkambo, sikiliza. Walioziweka hizi picha waliacha nafasi juu ya nyeupe. Mwanga mukali sana, kama wa jua juu ya maji, ulihifadhiwa kule juu. Programu yangu ilifika kwenye nyeupe ikakata, yote iliyobaki ikaiita nyeupe. Nitaiambia isikate. Ishushe mwanga wote, kidogo kidogo, uingie."

Aliandika amri tena, ndefu kuliko ya kwanza, na kuisoma mara mbili kabla ya kubonyeza.

Picha ilikuja nyeusi kidogo, tulivu, kama wingu limepita mbele ya jua la Pweto. Ziwa likapata mawimbi. Nyuso zikapata mapaji. Na juu ya kitambaa cha msichana wa kushoto, mdogo kama punje ya mchele, alikuwapo samaki wa manjano, mkia wake umepinda kidogo pale uzi ulipomwishia Nkambo akaunganisha mwingine.

Débora alikuza uso ule hadi ukajaa kioo. Msichana alikuwa anataka kucheka, na mkono wake wa pili ulikuwa umeanza kupanda kwenda mdomoni.

"Ana kidevu changu," Débora alisema.

"Wewe njo uko na chake."

Mwalimu Matildah aliitwa, akaja, akatazama, akavua miwani. "Débora," alisema, "sikuwafundisha hiyo ya mwanga."

"Nkambo njo alisema samaki ipo."

"Mimi nilisema tu," Nkambo alijibu, na sauti yake ikapanda hadi wanafunzi wa nyuma wakageuka. "Yeye njo alimutafuta akamupata! Mutoto ya Chouchou!"

Mwalimu aliwachapia picha kubwa, akataka kuikunja. Nkambo alikataa, akaibeba wazi mbele ya kifua chake kupita soko lote la Kashikishi. Alisimama kwa Obvious. "Mwenye nyumba alikuwamo," alimwambia. "Ulikosa kujua kuongea naye." Obvious alishika kichwa, akaomba afundishwe.

Mwisho walifika kwa Boyd. Alipangusa mikono, safari hii mara nyingi, kabla ya kuipokea picha.

"Nani huyu mwenye samaki kichwani?"

Nkambo alimsogeza Débora mbele. Hilo halikuwa jibu lake.

"Ni mama yangu," Débora alisema, kwa mara ya kwanza maishani mwake huku akionyesha kwa kidole.

Boyd alimtazama msichana wa kwenye picha, kisha huyu aliyesimama mchangani, kisha taa yake iliyobaki bila diski.

"Yo! Kumbe muda huu wote nilikuwa navua na yeye," alisema. "Ndiyo maana chisense walikuja."

Débora alicheka, na Nkambo Pierrette akauona mkono ukipanda kwenda mdomoni.