Majani ya Karoti ya Cicih

Gembil alikuwa sungura wa kijivu mwenye mashavu manene, na katika mji ule wa milimani juu ya Bandung, ambako mishikaki ya sungura huchomwa kando ya barabara, Kokom alichekwa sana kwa kumfuga bila kumla. Alikuwa mjane, fundi cherehani, watoto wake wote wamehamia Jakarta. Akitaniwa alijibu kwamba yeye hata marehemu mumewe hakumla, na huyo alimfuga miaka mingi zaidi.

Kisha Gembil akaanza kuharisha. Wening, daktari kijana wa mifugo wa pale, alitazama kinyesi kwenye hadubini, akaona vijidudu vya utumbo, akatoa dawa. Sungura akapona, akanenepa, akaharisha tena. Kokom alichemsha bakuli, akasugua banda kwa maji ya moto, akaweka sakafu ya mianzi yenye nafasi ili mavi yadondoke chini. Nafuu ikaja, ugonjwa nao ukarudi, na kila uliporudi ulimwacha mwembamba zaidi.

Safari hii Wening aliachana na habari za banda, akauliza chakula kinatoka wapi. Kilitoka kwa Cicih, jirani wa nyuma na shoga yake Kokom tangu usichana. Cicih alikuwa akichukua mavi ya Gembil kwa ndoo, anayamwaga mabichi kwenye matuta yake ya karoti. Kwa watu wale sahani ya jirani hairudishwi tupu, wala ndoo, kwa hiyo Cicih aliirudisha ikiwa na majani ya karoti, mabichi, yenye umande na udongo. Vijidudu vilitoka kwa Gembil, vikaenda kukomaa kwenye unyevu wa bustani, vikarudi nyumbani kwa heshima zote.

"Mwambie tu, mama," Wening alisema. "Mavi ayaache yaoze kwanza, miezi. Na majani asilete tena."

"Wewe humjui Cicih."

Kokom alimjua. Cicih alikuwa amemnunia dada yake wa tumbo moja tangu harusi fulani, eti kwa sababu wali wake uliachwa kwenye sahani. Basi Kokom akashika njia ya waoga, ambayo wenyewe huiita adabu. Alipokea ndoo kwa mikono miwili, akashukuru, akangoja Cicih apotee, akayafukia majani. Gembil akarudisha mwili. Kokom alifurahi kama mtoto, akawa anamwimbia huku akishona.

Tatizo ni kwamba Cicih alipenda kumwona Gembil akila. Siku moja baada ya mvua alijikalisha kibarazani, akamwita Gembil kwa kugonga ulimi, akamnyooshea shada la majani. Neno lilikuwa pale pale mdomoni mwa Kokom. Alilimeza. Gembil alitafuna shada zima, na Cicih akacheka, akasema mnyama huyu anajua fadhila kuliko wakwe zake.

Wiki haikuisha tumbo la Gembil likachafuka. Dawa ilitolewa ile ile, lakini mwili ulikuwa umechoka kuugua. Gembil alikufa asubuhi, mapajani mwa Kokom.

Cicih aliposikia alikuja mbio na ndoo yake ya majani mkononi, akaketi chini, akalia kwa sauti kuliko mwenye msiba. Pengine ni kilio kile kilichomshinda Kokom.

"Ni majani yako, shoga," alisema, kisha akayaeleza yote, kuanzia mavi hadi hadubini.

Cicih alifuta pua kwa ncha ya ushungi.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu kabla ya mwezi wa mfungo."

"Nimemlisha kwa mkono wangu huu. Na wewe umekaa hapo unaniangalia."

Kokom alisema aliogopa atanuna.

"Ningenuna," Cicih alisema. "Ningenuna hasa, mpaka nichoke. Halafu ningekuja."

Akachukua ndoo yake na majani yake, akaondoka.

Kokom alijiandaa kununiwa, akaona ni haki yake. Lakini Cicih hakununa. Kesho yake walikutana njiani, naye akamsalimia vizuri tu, kwa tabasamu, kama anavyosalimiwa mpita njia yeyote, akaendelea na safari yake.