Vitunga Sita vya Kwenda Brussels

Larissa hakukosea kwa uvivu. Alichukua kitunga kimoja cha mfano, kikapu cha nyasi, akakiweka juu ya mizani ya jikoni, akasoma uzito, akazidisha kwa sita. Akapigia simu ajansi moja ya vifurushi ya Nyawera, mjini Bukavu, kuuliza bei ya kilo mpaka Brussels. Ndipo akamwandikia mteja wake, maman Francine, kwamba transpo, yaani gharama ya kusafirisha, iko ndani ya bei na hataongezewa hata senti. Aliandika kwa kujiamini kama mtu wa ofisi, na kweli alikuwa mtu wa ofisi, mpaka shirika la misaada alilolitumikia lilipofunga virago na kumwachia cheti cha shukrani na siku ndefu za kukaa nyumbani Cimpunda.

Siku hizo ndefu ndizo zilizomletea wazo la duka. Duka lenyewe halikuwa na mlango wala kaunta. Lilikuwa ndani ya simu yake: picha za vitunga alivyosuka mama yake, Eulalie, kule Walungu. Watu walizipenda picha, bila shaka. Waliweka moyo mwekundu, wakaandika "vizuri sana", kisha wakaenda zao. Maman Francine, mtu wa Bukavu aliyehamia Ubelgiji zamani, ndiye wa kwanza kutoa pesa. Binti yake alikuwa anaposwa, na yeye alitaka vitunga vya nyumbani, vyenye vifuniko, vya kuweka mbele ya wakwe siku ya mahari. Alilipa vyote, transpo ikiwemo, tena akaongeza neno: vikifika vizuri, ana marafiki wanne wenye mabinti, na wote wanatafuta mtu wa kuaminika.

Neno lile Larissa alilibeba mpaka Walungu akamsomea mama yake mara mbili. Nyumba nzima ilikuwa inalitegemea. Placide, mume wake, ni assistant wa chuo kikuu, na mshahara wa assistant ni kitu cha kusikia habari zake tu. Pesa ya Francine ililipa kodi ya nyumba, na sehemu ya Eulalie ikageuka mabati ya jiko lake lililokuwa linavuja. Kilichobaki kilikuwa cha transpo, kimefungwa kwenye leso.

Vitunga vilishuka na minibasi ya Walungu, msukuma mkokoteni akavipeleka moja kwa moja ajansi. Larissa alimfuata nyuma akivitazama kwa majivuno. Mama yake alikuwa amevishona vifuniko kwa uzi mwekundu, duara lote, kazi ya kupendeza macho. Kwenye ajansi, Didier, kijana mpole wa kupokea vifurushi, alivipanga juu ya mizani, akainama kusoma, kisha akainama tena.

"Maman, hii haiko ile kilo ulituambia," alisema. "Imepita mara ine. Ndani muko nini?"

Larissa alikitikisa kimoja. Kililia kama mvua juu ya bati. Akapiga simu.

"Mama, uliweka nini mu bitunga?"

"Maharagi," Eulalie alijibu, sauti imejaa furaha. "Ile nyekundu. Nilichagua moja moja."

"Mama, hapa banapima kilo."

"Bapime. Sasa nitume kitunga haina kitu mu ndoa ya mutoto wa batu? Ni kumuambia bibi-arusi njaa imufwate kule anaenda."

Hakuna lolote aliloambiwa ambalo Larissa hakulijua. Amekulia ndani ya desturi hiyo. Kitunga cha ndoa hakiendi kitupu, na uzi wake hukatwa na bibi-arusi peke yake. Ni yeye mwenyewe aliyeandika maneno hayo chini ya picha, miezi yote, ili wateja wa mbali wakumbuke kwao na kununua. Alipofika kwenye mizani ya jikoni alipima nyasi na kumsahau mama yake. Aliona aibu, na aibu ile ilimchoma kuliko bei.

Alipiga moyo konde akamwandikia Francine ukweli wote, akaomba aongeze nusu tu ya ile gharama iliyozidi. Jibu lilikuja kwa ujumbe wa sauti, bila hasira, na hiyo ikawa mbaya zaidi.

"Larissa, mwana, nilikuuliza mara mbili, ukaniambia transpo iko ndani. Batu ya kwetu muko vile. Bei inaanzaka kidogo, kisha inaanza kuzaa. Kama haiwezekane, rudisha makuta nililipa, nitafute fasi ingine."

Kurudisha nini? Kodi ilishaliwa na mwenye nyumba, na mabati yako juu ya jiko yamepigwa misumari. Larissa aliomba wembe. Didier alimpa bila kuuliza, na Larissa akakaa kwenye benchi la wateja akakata uzi mwekundu wa mama yake, kitunga baada ya kitunga, akamwaga maharage ndani ya kitenge chake. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

Sasa vitunga vilikuwa vyepesi kama siku ya mfano. Didier hakuvirudisha kwenye mizani. Alitoa mita, akapima urefu, upana na kimo.

"Kwa ndege, maman, kama kitu iko nyepesi lakini inakamata fasi kubwa, banahesabu fasi."

"Mbona hukuniambia mu telefone?"

"Uliuliza bei ya kilo. Nikakujibu bei ya kilo." Alisema kwa huruma, na huruma haikupunguza kitu. Vitunga vyote vilikuwa vya ukubwa mmoja, hakuna kinachoingia ndani ya mwenzake. "Labda tubiponde kidogo, bilale."

"Hapana. Usibiguse."

Maji yalikuwa yamefika shingoni. Nje ya ajansi kuna wanunuzi wa simu zilizotumika, wamekaa chini ya miavuli yao wakisubiri watu wa namna hiyo. Larissa alitoa kadi yake ya laini ndani ya simu, akauza simu, picha zote zikaenda nayo, akarudi kulipa. Vitunga viliondoka siku ile ile, na alifika nyumbani kwa miguu, maharage mgongoni kama mtoto.

Ujumbe wa Francine uliingia kwenye simu ya Placide, ambamo Larissa alikuwa ameweka kadi yake, siku ya pili baada ya mahari. Ulikuwa mfupi. Vitunga vilifika vizima, lakini wazi, vitupu, uzi umekatwa. Shangazi yake mzee alivitazama ndani akauliza ni nani anayewalaani, basi havikuwekwa mbele ya wakwe. Wale marafiki alikuwa ameshawaambia watafute kwingine. Placide alisoma, akampakulia mke wake maharage. Walikuwa wanayala kila siku, hakukuwa na mboga nyingine.

Walikuwa bado wanakula Eulalie alipopiga.

"Balisema nini, bibi-arusi alipokata uzi?"

Larissa alimtazama Placide. Placide akainamisha uso kwenye sahani.

"Balifurahi, mama."

"Na maharagi? Balikula?"

"Balikula."

"Nilijua," Eulalie alisema, akacheka kicheko ambacho binti yake hakuwa amekisikia tangu baba afe. "Basi usikuwe na wasiwasi ya bale barafiki bane, tulishaanza. Tuko ba maman sita, tulishakata nyasi. Bengine balitaka balipwe mbele, niliuza mabati. Mvua haiue mutu. Na hii mara tutaweka na karanga juu ya maharagi, bitunga bikuwe na uzito ya kweli, baone tunabaheshimu."

Larissa alitaka kumkatiza. Kwa mbali, nyuma ya sauti ya mama yake, wanawake walikuwa wanaimba kazini.

"Sawa, mama," alisema, akamrudishia Placide simu yake.