Meno Yatazame Chini

Mimi, Ganza, ni mtu wa mzaha, na mtaa mzima unalijua hilo. Nikipiga simu kusema pikipiki imepata pancha nitachelewa, wananiuliza leo nimelala mpaka saa ngapi. Katika duka la simu ninakofanya kazi, karibu na soko la Gisenyi, mteja ananiuliza bei, namjibu, halafu anakwenda kuhakikisha kwa mwenye duka. Baba yangu, aliyekulia Karagwe na anayepima kila neno kama sukari ya mgao, husema mimi hata nikizama ziwani watu watapiga makofi ukingoni. Sikuwahi kuona ubaya wake. Mtu asiyeaminiwa hatumwi mbali.

Mtu mmoja tu alikuwa akiniamini. Jina lake Faradji, lakini sote tulimwita Papa Gwiza, kwa jina la binti yake. Alikuwa karani wa forodha Goma, ng'ambo ya mpaka, miaka mingi kabla ya kurudi upande huu, na alipostaafu aliisafisha stoo ya mkaa nyuma ya nyumba yake akaweka humo kitu kimoja alichokipenda kuliko pensheni: msumeno wa umeme wa kukatia nakshi. Alikuwa ameununua kwa Mzungu mmoja wa shirika aliyekuwa akifunga virago. Usifikirie msumeno wa seremala. Huu ni meza ndogo ya chuma, mkono mmoja juu na mmoja chini, na katikati wembe mwembamba kama uzi, unaopanda na kushuka haraka kuliko cherehani. Wembe hausogei mbele wala nyuma. Ni wewe unayezungusha ubao, taratibu, kama mtu anayemgeuza mtoto aliyelala.

Nilikwenda mara ya kwanza kumcheka. Mzee mzima, miwani puani, vumbi la mbao kwenye nyusi, anakata twiga. Nikamuuliza kama huyo twiga ana paspoti. Akaniambia nikae nishike upande ule. Nikakaa miaka mitatu, kila Jumamosi.

Tulikata ng'ombe wa pembe ndefu, vipande kumi na tano vinavyochomekana, watoto wakivipanga wanagombana. Tulikata Ziwa Kivu na visiwa vyake, visanduku vya rozari, majina ya watoto waliobatizwa. Tripleksi, zile mbao nyembamba za kugandishwa, kwa vitu vya nakshi nyingi; libuyu, mti mgumu wa msituni, kwa vitu vya kudumu. Hakuuza hata kimoja. Nilimwambia afungue duka, akanijibu kwamba akianza kuuza atakuwa na bosi, na mabosi aliwamaliza mpakani.

Sheria yake ilikuwa moja. Meno ya wembe huu ni madogo mno, huyaoni kwa macho. Lazima yatazame chini, ili yakikata yaubane ubao mezani. Ukiufunga kichwa chini miguu juu, meno yanaunyanyua ubao, unaruka na kukupiga vidole. Kwa hiyo kabla ya kuwasha unapitisha ncha ya kidole kwenye wembe: kidole kikishuka kinateleza, kikipanda kinaumwa.

"Kila mutu anaguza wembe yake," alikuwa akisema. "Hata kama ni Papa Mutakatifu ndiye amekufungia, guza."

Rafiki yangu Mucyo, fundi wa vitanda kule Mahoko, hakugusa. Alikuja siku moja kujaribu, nikamfungia wembe meno juu, akawasha kwa madaha ya mtu mwenye karakana yake. Ubao ukaruka ukamtandika vidole. Papa Gwiza alicheka mpaka akavua miwani. Mucyo alinitukana kwa lugha tatu, na wiki nzima tulimwita Bwana Fundi. Huo ulikuwa mzaha wa kawaida wa stoo ile. Nilimfanyia na Papa Gwiza mwenyewe, mara mbili, na mara zote mbili alipitisha kidole, akauma mdomo, akaniita mwizi wa sabuni, akaugeuza. Raha yenyewe ilikuwa hapo, kutukanwa.

Mkewe, Mama Mukashyaka, alifariki mwaka jana. Papa Gwiza alichukua picha yake, ile ya harusi ya mpwa wao, ambamo anacheka jicho moja limefumba kidogo, akaanza kuichora kwa penseli juu ya tripleksi. Alitaka kuikata kwa mkono wake mwenyewe, kabla ya misa ya mwaka, aiweke mezani watu watakapokuja nyumbani kumkumbuka. Nilijitolea kusaidia. Akasema nitatoboa matundu na kufunga wembe, basi. Kukata ni yeye. Aliyemwoa ni yeye, si mimi.

Picha ya mtu ni kazi ngumu kuliko zote. Unatoa giza, unaacha mwanga. Lakini kila kipande cha mwanga lazima kishikwe na kingine kwa daraja dogo la mbao, la sivyo kinaanguka sakafuni. Lile jicho la Mama Mukashyaka lililofumba lilishikwa na daraja moja, nyembamba kama njiti ya kiberiti. Nilimwambia aongeze la pili. Akasema akiongeza la pili mama atakuwa anakodoa, na huyu mama hakuwahi kumkodolea mtu macho isipokuwa mimi na mizaha yangu.

Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Akishika kikombe, sahani ya chini ilipiga ngoma, na mimi nilikuwa nikiuliza bendi inalipwa na nani. Hata yeye alicheka. Kwa sababu tulijua siri: mkono ule ule, ukigusa ubao, ulitulia. Alikata nywele zote za mkewe, msuko kwa msuko, mistari ya upana wa uzi, bila kupotea hata mahali pamoja. Skrubu ndogo za kubania wembe tu ndizo zilimshinda. Hizo zilikuwa kazi yangu.

Jumamosi moja tulitoka umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, majembe bado yana matope. Lilibaki jicho. Nilitoboa tundu, nikapitisha wembe, na nilipokuwa nauelekeza, shetani wangu akanigusa bega. Mzee alikuwa kimya tangu asubuhi. Nikafikiri, huyu anahitaji kumtukana mtu. Nikaufunga meno juu.

Nilisubiri kidole. Nilikuwa tayari nimeweka kicheko nyuma ya meno.

"Umefunga muzuri?" aliniuliza.

"Nimefunga vizuri, Papa."

Akaweka mikono juu ya ubao, akakanyaga swichi.

Ubao uliruka mara moja, ukarudi mezani ukidunda kama mfuniko wa sufuria. Yeye hakuachia. Mtu mwenye mikono mizima angeachia, lakini yeye alijua mikono yake ina kesi, akazidi kuukandamiza ili kuituliza. Daraja likakatika. Jicho la Mama Mukashyaka likaanguka miguuni pake, kipande kisichozidi ukucha.

Akaondoa mguu kwenye swichi. Hakuutazama wembe. Alitazama mikono yake, mmoja, halafu mwingine, kama karani anayekagua karatasi mbili anazojua ni za bandia.

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Lakini Gwiza alikuwa ameingia na chai, na alikuwa ameona.

"Papa, daktari alisema itakuja polepole," alisema. "Alisema iko bado miaka."

"Imefika," alisema baba yake.

Ndipo nilipojua kwamba Alhamisi walikuwa wamekwenda hospitali, na ugonjwa ulikuwa umepewa jina. Gwiza akamshika mkono wakatoka kwenda kukaa nje. Nilibaki na mashine, chai tatu, na kile kicheko ambacho sikujua nikiteme wapi. Na hapo nilifanya jambo ambalo hata leo nikilifikiria natamani kujizaba kofi. Nililegeza skrubu, nikaugeuza wembe, nikaufunga meno chini. Hakuna aliyeniambia. Ni kama mtu aliyevunja sahani ya wenyewe anavyookota vigae haraka. Nikaokota na jicho, nikalitia mfukoni.

Wiki nzima nilijitayarisha kusema. Jumamosi iliyofuata aliniita yeye. Nilikuta mashine imefungwa kwenye blanketi, nyembe zimepangwa kwenye kopo la maziwa, nene upande huu, nyembamba upande ule. Gwiza alikuwa amesimama mlangoni. Papa Gwiza akaniambia yote ni yangu. Mikono yangu bado ni ya kijana, alisema, na mashine ikikaa bure inashika kutu kama mtu.

Nikasema. Nilisema yote, kwa mpangilio, bila kupamba: kwamba wembe ulikuwa meno juu, kwamba ni mimi niliyeugeuza, kwamba nilidhani atagusa, kwamba nilidanganya aliponiuliza, kwamba mikono yake haikuwa na kosa lolote. Sauti yangu ilikuwa ikikwama.

Halafu Papa Gwiza akacheka. Si kicheko cha kejeli. Alicheka kwa upendo, akavua miwani akajifuta macho.

"Gwiza, unasikia huyu mutoto?" alisema. "Anataka kunitibu. Ee, Ganza. Hii ndiyo muzuri kushinda zote."

Gwiza naye alitabasamu, akaniambia asante kwa sauti ya chini. Hilo lilinichoma kuliko matusi yote ya Mucyo.

Nilimwambia simtanii. Akasema ndiyo, anajua. Nikaapa kwa kaburi la bibi yangu, akanikumbusha kwamba bibi yangu yu hai, yuko Ngara, na niliwahi kumwapia kwa kaburi hilohilo mwaka juzi. Nikamwambia akague wembe. Akaugusa, kwa heshima tu, kupitia tundu la blanketi. Meno yalikuwa yanatazama chini. Bila shaka yalikuwa yanatazama chini. Niliyafunga mimi.

Nikararua blanketi, nikachomeka waya, nikaweka kipande cha tripleksi mezani. Nikachukua ile picha, nikamwonyesha nywele. Nilimwambia hizi alizikata wiki moja tu kabla ya lile jicho, aniambie ni mkono gani mgonjwa unaokata hivi.

"Ile ilikuwa mbele, kabla ya ugonjwa," alisema.

"Papa, jaribu mstari mmoja. Mmoja tu. Ukipotea sitasema tena."

Nafikiri alifanya kwa ajili yangu. Alipitisha kidole kwenye wembe, taratibu, akaitikia kwa kichwa. Akakaa, akaweka mikono juu ya ubao. Na mikono ikatetemeka. Juu ya ubao, pale pale ilipokuwa ikitulia. Nilitazama uso wake nikaelewa: hakuwa akiutazama mstari, alikuwa akiitazama mikono, akiingoja imsaliti. Mkono unaongojwa hivyo utafanya nini? Wembe ukatoka kwenye penseli, ukaenda kulia, ukarudi, ukakatika kwa kishindo kidogo.

Akazima mwenyewe. Akanipigapiga begani, akasema nimebeba vya kutosha, nichukue mashine niende. Pikipiki mbili zilihitajika: moja ya mashine, moja yangu na kopo la nyembe.

Nilimkata Mama Mukashyaka upya. Nilikata kwa wiki tatu, kila mara kidole kwenye wembe, mara mbili, mara tatu, kama mtu anayerudi kuhakikisha mlango alioufunga mwenyewe. Jicho lilisimama kwenye daraja moja. Nilipompelekea, aliishika picha kwa muda mrefu mbele ya dirisha. Akasema iko safi. Kisha akasema nywele za mkewe hazikulala hivyo upande wa kushoto, lakini si kitu, mimi sikumjua akiwa kijana.

Siku ya misa ya mwaka nyumba ilijaa. Picha yangu ilikuwa mezani, kati ya maua. Ile ya kwanza, yenye tundu mahali pa jicho, sikuiona. Mucyo alikuja kutoka Mahoko na shati jeupe. Watu walikuwa wamekula, wamekunywa, huzuni imelegeza mkanda kama inavyokuwa, na Papa Gwiza, glasi yake ikigonga meza, akaanza kuwasimulia wageni kuhusu mimi. Kwamba hakuna mtoto kama huyu. Kwamba ugonjwa ulipomshika mikono, watu wengine walileta maneno ya Biblia na majani ya kuchemsha, lakini Ganza alileta kitu kingine.

"Ganza, simama," alisema. "Waambie vile uliniambia. Ile ya wembe."

Nilisema si siku yake. Wakashangilia nisimame. Baba yangu alikuwa pale, amekunja mikono, uso wa mtu aliyekwisha kulipia tiketi.

Nikasimama. Nikasema kwamba nilifunga wembe meno juu. Wakaanza kucheka. Nikasema kwamba aliniuliza kama nimefunga vizuri, nikamjibu ndiyo. Wakacheka zaidi, na mama mmoja akagonga goti lake. Nikasema kwamba mikono ya Papa Gwiza haikuwa na kosa, kosa lilikuwa langu, na sauti ikanikwama palepale ilipokwama mara ya kwanza. Papa Gwiza akawageukia wageni, akawaonyesha kwa kidole kile kinachotetemeka.

"Munaona sura yake? Hata machozi anaweka."

Chumba kizima kikacheka. Mimi pia nilicheka, maana walikuwa wananitazama, na uso wangu haujui kufanya kitu kingine mbele ya watu.

Mucyo peke yake hakucheka. Alikuwa ameweka glasi chini, anasuguasugua vidole vyake vya mkono wa kulia, taratibu, pale ubao ulipomtandika. Alinitazama. Halafu akachukua koti lake, akamuaga Gwiza kwa mikono miwili, akapita mbele yangu bila kuniaga.

"Rudia tena," Papa Gwiza alisema, "hawa wa nyuma hawakusikia."