Pomboo Mwenye Mkia wa Ngege

Jiwe langu lilikuwa linakauka nyumbani Tabaka, nami nimekaa gatini Shimoni, kule pwani, nikimngoja mnyama asiyejua hata kama kuna mtu anaitwa Nyanchoka.

"Mwagia maji tena," nilimwambia mama kwenye simu.

"Nimemwagia sasa hivi. Gunia linachuruzika."

"Mwagia tu, mama."

Jiwe la sabuni likitoka machimboni huwa laini, unalikata kwa panga kama muhogo. Likikauka linakuwa jeuri, na kwa jua la Januari linaweza hata kupasuka. Hilo langu lilikuwa la mwisho kutoka machimbo ya baba kabla kuta zake hazijaporomoka. Kwetu wanaume huchonga na wanawake husugua kwa msasa kwenye karai la maji. Nimesugua tangu niko shule, mpaka ncha za vidole zimekuwa nyororo kama kioo. Niliposema nataka kuchonga, baba alinitazama, kisha akaligusa lile jiwe kwa kiatu.

"Chukua. Ukiliharibu, rudi kwenye karai, na nisisikie tena hayo maneno."

Kazi yenyewe niliagizwa na Dahabo, ambaye alikuwa na duka Kisii mjini kabla ya kuhamia pwani. Alitaka pomboo na mtoto wake, wa kuweka mlangoni pa duka lake jipya kando ya gati. Picha nilikuwa nazo, ila zote zilionyesha mgongo na pezi. Mkia umezama majini. Basi mkia nikauiga kwa ngege niliyemnunua soko la Suneka. Nilimlaza mezani, nikampima, nikalikata jiwe likawa jembamba, mkia umesimama wima. Kisha tukamla na ugali. Nilijiona fundi kwelikweli.

Nilipomtumia Dahabo picha, alinipigia akicheka mpaka akakohoa.

"Nyanchoka, huyo ni samaki! Mkia wa pomboo umelala, bapa kama beleshi. Acha panga, njoo ujionee."

Mkia uliolala unataka upana, na upana nilishaukata nikautupa. Nililifunika jiwe kwa gunia la maji, nikamwachia mama, nikafunga safari.

Gatini kila mtu aliona alichotaka isipokuwa mimi. Kasa aliinua kichwa kando ya nguzo, akavuta pumzi kama mzee aliyepanda mlima, akazama. Samaki taa alipita chini ya boti, mpana, hana haraka. Kaa walikuwa wakigombana juu ya nguzo, na watalii wakawapigia makofi. Kaa! Shariff, mwenye boti, alirudi kutoka bahari ya nje akipiga kelele.

"Dada, tumemwona papa shilingi! Mkubwa kuliko boti yangu, madoadoa mgongo mzima!"

"Na pomboo?"

"Hao walikuwa hapahapa jana."

Jana! Niliichukia hiyo jana. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Nilienda na kurudi juu ya gati mpaka mvuvi mmoja akaniuliza kama nimepoteza kitu.

"Hebu keti," Dahabo alisema kutoka mlangoni pa duka lake. "Unachosha hata mbao."

Mama akapiga simu. "Baba yako anakuja hapa kila saa. Anainua gunia, anatikisa kichwa, anaenda."

Niliona karai langu likinisubiri. Nikachukua begi, nikasema liwalo na liwe, naenda nyumbani.

"Dada!" Shariff aliita. "Chini yako!"

Walikuwa wawili, kati ya gati na boti, mama na mtoto. Mama alipiga mkia juu na chini, na mkia ulikuwa umelala, bapa kama Dahabo alivyosema. Machozi yakanilenga. Nilikuwa nimekwisha.

Halafu akageuka. Polepole akalala ubavu, jicho moja likitutazama, na yule mdogo akaja kumsogelea tumboni.

"Ananyonyesha," Shariff alinong'ona.

Lakini mimi nilikuwa naangalia nyuma. Kwa kulala vile, mkia wake ulikuwa umesimama wima, wima kabisa, kama wa ngege wa Suneka. Na pezi la ubavu lilikuwa limeelekea juu, palepale nilipochonga pezi la mgongo. Nilipiga ukelele wa furaha, pomboo wakatoweka, na watalii wakaniangalia vibaya. Sikujali.

Nyumbani sikunywa hata chai. Gunia lilikuwa limelowa na jiwe halikuwa na ufa. Pomboo wangu sasa alilala ubavu, lile pezi la juu likawa la ubavu, na chini, kwenye jiwe lililobaki, nikamtoa mtoto akiwa amebana mdomo tumboni mwa mamake. Niliogopa kila kipande kilichodondoka.

Baba alikuja nilipokuwa naweka tindo chini. Alilizunguka jiwe. Kwa kidole gumba akagusa mdomo wa mtoto.

"Huyu amelala," alisema.

"Ananyonyesha, Tata."

Aliinama, akamtazama tena yule mtoto. Kisha akakunja mikono ya shati, akavuta karai, akakaa kwenye kigoda changu, ambacho hakuwa amewahi kukikalia.

"Msasa uko wapi?"

Nilimpa, nikamwambia asisugue sana mkiani.