Kipepeo ya Franga Kumi

Muntu asinifundishe chuma. Miye Symphorien nilitumika miaka makumi tatu na moya ku fonderi, kwenye banayeyusha chuma, hapa Lubumbashi. Baba yangu alitumika kule mbele yangu. Chuma haiwezi kunidanganya, na ile njo ilitumaliza.

Ile pièce, franga ya chuma, ilikuwa ya marehemu bibi yangu Mado, mama ya batoto wangu. Alikuwa anapikia injenieri mumoya Mubeleji, na siku muzungu anarudia kwabo, akamuachia sufuria mbili na pièce moya ndani ya kisanduku ya plastiki. Franga kumi. Jina ya inchi yetu imeandikwa juu, lakini haikupitaka hata siku moya mu soko yetu. Na katikati kipepeo ya rangi: nyekundu, bleu, manjano. Makuta, pesa ya Kongo, yenye Bakongomani hawajui. Usiniulize ni akili ya nani.

Mujukuu wangu Princesse, mutoto ya binti yangu Claudine, eko na miaka kenda. Jicho ya kushoto ilishakufa. Ya kuume inaona kidogo, na munganga alisema tumupeleke Zambia mbele ya mvua. Tukichelewa, basi. Kila asubui Princesse anakamata pièce, anaisogeza karibu na jicho, ananiambia: "Nkambo, ninaona nyekundu. Bleu pia iko." Nasi tunapumua.

Claudine anauzisha samaki ya kukauka ya Pweto. Njo eye alipiga pièce picha na telefone, mupaka akapata muntu wa collection, mwenye kukusanya pièces za bei, jina yake Gérard. Bei yenye alitaja ilitosha operesheni ya jicho, na bus ya kwenda na kurudi. Nilimuuliza mara tatu kama hakukosea kusoma. Akacheka, akasema: "Baba, siku ya posho, Jumamosi, anakuya. Usiiguse. Iache vile iko."

Usiiguse. Miye, muntu wa fonderi.

Sasa musikie bujinga yangu. Huku kwetu, muntu akipaka jiwe rangi, ni mwizi. Niliona bachimbaji wanapaka majiwe kijani, yafanane na ya shaba, juu ya kudanganya banunuzi, na niliona vile walipigwa. Nikawaza: huyu Gérard ataona rangi, atasema tunamuficha chuma mubaya chini. Jina ya Mado itachafuka. Siku ya posho asubui, Claudine eko ku soko, nikafungua plastiki. Nikasugua na majivu na ndimu. Rangi ikakataa. Nikakamata papier ya verre, ile karatasi ya kusugulia chuma.

Feza, chuma yenyewe ya chini, ikatoka, safi, inangaa. Nilifurahi, sitawaficha. Nilipiga hata muluzi.

Gérard akafika na Claudine saa sita. Kijana wa heshima, alivua kofia mbele ya kuingia. Akaweka pièce chini ya kioo yake ya kukuzia vitu.

"Papa, nani alitoa rangi?"

"Ni miye. Angalia chuma, mutoto wangu. Ni feza ya kweli."

"Ninaona, papa," akasema polepole. "Lakini feza iko popote. Miye nilikuya kununua kipepeo."

Akapima ile pièce mu mizani ndogo. Kwa bei ya feza, akasema, tutapata mifuko mbili ya bunga. Alikuwa na haya kuitaja, nilimuona. Claudine alikaa chini na kilemba yake ya soko, na miye nilitamani anitukane, anitukane mbele ya bantu, nipate kitu ya kujibu.

Njo Princesse akaingia, anapapasa ukuta. Alisikia sauti ya mugeni. Akanyoosha mukono kama kila siku, na Gérard, hakujua habari ya macho yake, akamupatia pièce.

Akaisogeza karibu na jicho. Akaigeuza. Akaigeuza tena.

"Nkambo," akasema, "na hii jicho imekufa. Rangi imeniacha."

"Hapana, mama. Ni miye. Ni miye nilisugua rangi, jicho yako iko tu muzuri."

Akatafuta uso yangu na vidole, akanipangusa machozi.

"Usinidanganye, nkambo. Siogopi."

Kisha akageukia upande kwenye alisikia Gérard anapumua, akamurudishia pièce.

"Kamata tu," akamuambia. "Mama anunue bunga. Ya Zambia tuache, miye sioni tena."