Mgane Ng'ambo ya Mto

Kuoa kule Isaan, kaskazini-mashariki mwa Thailand, ni rahisi, kukaa ndiyo kazi. Mimi nimekaa, nimezaa, nina wajukuu wanaonicheka ninavyotamka majina yao wenyewe, na mpaka leo kila mwaka lazima niende mahali nikaombe ruhusa ya kulala nyumbani kwangu. Nimeshazoea. Unasaini hapa, unasaini pale, unatabasamu, unarudi kula.

Verner hakuzoea. Kwetu Jutland, Denmark, alikuwa dereva wa lori la maziwa, mimi nilikuwa machinjioni, na wote wawili shule tuliiacha kabla haijatuacha. Tukaja kuoa vijiji vinavyopakana. Sasa mkewe, Lamduan, akaugua ini. Verner akahamia hospitali, analala chini ya kitanda cha mke kwenye mkeka, kama wanavyolala ndugu wote wa mgonjwa kule, na ruhusa yake ya mwaka ikaisha huku yeye anabadilisha maji ya kunawa. Akavuka daraja la mto Mekong kwenda Laos, akageuka, wakamgongea muhuri wa muda. Ukaisha. Akavuka tena. Kwa njia ya barabara ni mara mbili kwa mwaka, basi, ya tatu hawakupi. Ikabaki aombe viza ya mume wa mtu, na hiyo huombi ukiwa ndani ya nchi. Kwenda Denmark nauli hana, mke yuko vile. Akasema ataombea Laos, ofisi ya Wathai iliyo mji wa ng'ambo. Laos si kwao, hana hata kijiko pale, lakini wapo wanaopewa. Na mimi ruhusa yangu ilikuwa inakaribia kuisha, nikasema twende wote, nikuchekeshe njiani.

Lamduan alikuwa amesharudishwa nyumbani. Mnajua mgonjwa akirudishwa nyumbani hivyo maana yake nini. Alisaini nakala ya kitambulisho chake amelala, dada yake Khamphan kamshikia ubao wa kukatia nyama chini ya karatasi. Akamaliza, akamwita mumewe.

"Mzee, siku yangu ikifika, uzi ushike wewe."

Kule maiti akipelekwa kuchomwa, jeneza hufungwa uzi mweupe, watawa na watu wake wa karibu wanaushika wakitangulia, ndiyo wanamwonyesha njia.

"Usimwachie kaka yangu," akasema. "Yule atapitia kilabuni na mimi nikiwa nyuma."

Tukacheka wote, na Khamphan akacheka. Verner akasema, "Nitaushika." Tukaondoka Jumatatu.

Jumanne asubuhi tuko nje ya geti la ofisi, kwenye meza ya Kesone. Huyu mama wa Kilao anapiga nakala, anabandika picha, anauza kahawa, anajua mambo ya mle ndani kuliko waliomo. Kashika picha ya Verner.

"Babu, mbona umekunja uso hivi? Watadhani unaenda kupigana."

"Ndiyo uso wangu huo."

"Basi pole kwa mkeo."

Simu ikalia. Alikuwa Khamphan. Nilikuwa karibu, nikasikia yote. "Shemeji, dada katutoka. Alfajiri. Hakuhangaika."

Verner akaweka simu mezani, akaipangusa kama ina vumbi. Kesone hakuhitaji kuambiwa. Akammiminia kahawa ambayo hakuna aliyeagiza, halafu akainama.

"Sikiliza babu yangu. Saini ipo, cheti cha ndoa kipo. Ingia, toa karatasi, funga mdomo. Kesho jioni una viza, ukalie nyumbani."

"Lakini amekufa," Verner akasema.

"Amekufa kwenu. Mle ndani bado hajafa."

Nikasema Kesone yuko sahihi. Nikamwambia, Verner, ni siku mbili tu za kunyamaza, na wewe kunyamaza unaweza, nimekaa nawe safari nzima. Akaitikia kwa kichwa.

Tukaingia. Mimi dirisha la wastaafu, yeye la jirani. Binti wa dirishani alikuwa mpole, umri wa binti yangu wa tatu. Kageuza karatasi moja moja, kagonga mihuri miwili, umebaki mmoja. Akauliza tu kwa adabu, kama mtu anavyoulizia hali:

"Na mama nyumbani hajambo, baba?"

Verner akasema, "Amefariki leo."

Msimwone mjinga. Sisi kwetu tumelelewa hivyo, kwamba mtu wa dirishani yuko pale kukusaidia. Unamweleza shida yako yote, usifiche, naye anatafuta njia. Kwetu inafaa. Nimeona mtu anamwambia karani wa kodi mambo ambayo padri hajui.

Binti akasimama, akaunganisha mikono usoni, akainama. Machozi yalimlengalenga, nasema kweli. Halafu akaketi na muhuri akauweka pembeni.

"Baba, pole sana. Lakini hii ni viza ya mwenye mke."

"Nina mke. Yuko sebuleni kwenye jeneza."

"Najua, baba."

"Basi nipe ya matembezi. Nimzike, nitoke."

"Ya matembezi hapa tunampa anayeishi Laos. Baba unaishi wapi?"

"Naishi kwenu," Verner akasema. "Ng'ambo hapo."

Binti akatazama meza. "Kwa sheria unapaswa kuombea kwenu Denmark. Nitamwachia mkuu wetu aamue. Anarudi Alhamisi baada ya chakula."

Na pasi yake ya kusafiria ikabaki ndani.

Nikamwambia aiombe, apande basi la usiku mpaka mji mkuu wa Laos, aruke na ndege mpaka Thailand, huenda uwanjani wakamwachia aingie. Akasema akiitoa pasi ombi linakufa, na huko uwanjani akirudishwa atakuwa hana hata dirisha la kusimama. 

Akampigia Khamphan awasubirishe watu.

"Shemeji, Alhamisi ndiyo siku. Ijumaa ni mwiko, nani kachoma maiti? Jumamosi siku takatifu ya watawa. Ng'ombe ameshachinjwa, uwanja umejaa watu, nitawaambia nini?"

"Waambie niko njiani."

"Uko njiani kweli?"

 Verner akanipa simu mimi.

Viza yangu ilitoka Jumatano. Verner aliniomba niende nikaushike uzi kwa niaba yake, nami nikavuka.

Alhamisi jua kali, vumbi, watu wengi. Kaka mtu alikuwa ameoga, amevaa shati jeupe, hajanywa, na aliponiona nashika uzi akanisogelea.

"Wewe ni nani wake?"

"Mume wake kanituma."

"Mume hatumi mtu."

Alisema kweli, lakini akaniachia nafasi, akashika nyuma yangu. Simu nilikuwa nimeiweka mfuko wa shati, imefunguliwa. Verner alitaka kusikia. Nilikuwa nasikia pumzi yake kifuani kwangu, watawa wanasoma mbele, watoto wanagombania peremende zinazorushwa, kama ilivyo desturi.

Tukazunguka tanuri mara tatu. Watu wakapanda ngazi, kila mtu akaweka juu ya jeneza ua lake la mbao nyembamba, liungue naye. La Verner nikaweka mimi. Wakamsukuma ndani, mlango wa chuma ukafungwa, moshi ukaanza kutoka juu, mweusi kwanza.

"Evald," simu ikasema. "Wameshaanza?"

Khamphan alikuwa pembeni yangu. Akanitazama.

"Bado," nikasema.

"Waambie wasubiri kidogo. Mkuu amefika, nimemwona anaingia. Mbele yangu wako watu watatu tu."